Mwaka Nilioongeza Kinga

Sekela alishuka kwenye Noah pale Mpemba na mwavuli mweusi mkononi, akaufungua kabla mguu wa pili haujagusa chini, na jua lenyewe lilikuwa la asubuhi ya Juni, jua la Tunduma ambalo hata nguo halikaushi. Nilimtambua kwa mwavuli kabla sijamtambua kwa uso. Tangu harusi yake, miaka kumi na saba iliyopita, tulikuwa tunasalimiana kwa simu tu, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kukata. Misibani tulikutana mara mbili. Zote mbili nilijificha jikoni nikajifanya fundi wa kuchambua mchele. Nyuma yake alishuka binti mrefu mwenye kofia pana iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. "Huyu ndiye Atu," akasema Sekela. "Msalimie mama yako mdogo." Binti akapiga goti kidogo, akasema shikamoo, na alipoinua uso nikaona. Mashavu yote mawili yalikuwa mekundu, wekundu wa mtu aliyekaa karibu mno na jiko, na wekundu huo ulikuwa umevuka juu ya pua kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilikuwa nimeshashika begi lake. Nikaliweka chini, nikaliinua, nikaliweka chini tena. "Ene, beba begi twende," akasema Sekela. "Mtoto hatakiwi kukaa juani."

Mimi si mtu wa kutulia. Hata haya ninayoyaandika nimeyaandika nikiwa nimesimama, daftari likiwa juu ya kaunta ya duka, na nimeinuka mara kadhaa kufuta vumbi ambalo halikuwepo. Watu husema nina bidii. Si bidii. Kuna mwaka mmoja ambao nikikaa chini unakuja kukaa pembeni yangu, na nimeishi kwa kuukimbia. Sasa umenifuata nyumbani ukiwa na kofia na begi la shule.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa na Sekela, mtoto wa mama yangu mkubwa, alikuwa na ishirini na mbili. Tunduma ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Maporomoko, kwa Mama Tusa, chumba chenye dirisha lililotazama barabara kuu, na nje ya dirisha hilo malori yalipanga foleni siku tatu, siku nne, madereva wakipiga mswaki na kunyoa ndevu kwenye vioo vya pembeni. Kitanda kilikuwa kimoja. Pazia lilikuwa kitenge cha Nakonde, mji wa Zambia ng'ambo ya mpaka, chenye picha za majogoo. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo tulisikia kila kitu: nani anakoroma, nani anaomba, nani anakaanga dagaa na hataki kugawa. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na viazi vitamu, na jioni Sekela alinunua chikanda kwa mama mmoja wa upande wa pili, ile mikate ya karanga na viazi vya porini ambayo Wazambia huipenda kama nyama, akaikata vipande vyembamba kwa uzi. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu, aripoti mwezi wa saba. Barua ya chuo aliibandika ukutani kwa gundi ya uji wa ngano, ili panya wasiipate, alisema, kumbe ndiyo chakula chao. Walikula pembe moja. Tulicheka wiki nzima.

Mimi nilikuwa muuzaji katika duka la dawa karibu na mpaka, na juu ya hapo nilikuwa mwelimishaji rika. Nilikuwa na fulana na beji. Nyie mliokulia miaka ya sasa hamuwezi kujua Tunduma ya wakati ule ilivyokuwa: mji wa malori, na ugonjwa ulikuwa mmoja tu, mengine yote yalikuwa vivuli vyake. Mtu akikohoa, kinga imeshuka. Akikonda, kinga imeshuka. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya vijana stendi na sokoni nikafundisha kwamba kinga ni askari wa mwili, wakipungua umekwisha. Nilikuwa naliamini neno hilo kuliko nilivyoamini kitu kingine, na nililisema vizuri.

Kwa Sekela ilianza kwenye vidole. Asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya blauzi, nikawa namfungia mimi na kumtania kwamba amezeeka kabla ya kuolewa. Kisha magoti. Kisha homa isiyokuwa malaria wala taifodi, na mwisho uso ukaiva. Uso ndio uliomponza. Kanisani kwetu mkorogo ulikuwa dhambi ya wazi, na krimu za kuchubua zilivuka mpaka kila siku ndani ya vifurushi vya vitenge, kwa hiyo Sekela, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, alipotokea na mashavu mekundu hakuna aliyehitaji maelezo. Mwalimu wa kwaya alimwita pembeni, akamwambia kwa upole apumzike mpaka ngozi irudi. Jioni hiyo tulilala chali kitandani tukiwa na viatu, na juu ya ukuta sauti ya Mama Tusa ikatufikia, akiongea na mgeni wake.

"Mkorogo wa Kongo ule. Unaunguza."

"Mkorogo hauleti homa, mwenzangu. Ni ule ule tu."

"Amepima mara tatu, eti hana."

"Kipimo cha hapa hapa? Nenda bwana."

Nilitaka kuinuka nikawaambie. Sekela alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya moto. "Waache," akasema. "Wakichoka watanyamaza." Mimi nikamwambia hawa hawachoki. Sikusema kwamba na mimi, pamoja na beji yangu, nilikuwa nimeyaangalia majibu yake mara mbili mbili nikitafuta kosa.

Hospitali ya rufaa, Mbeya, walimchukua damu na mkojo mara nyingi mpaka akaanza kuwatania manesi kwamba watamrudisha nyumbani akiwa mtupu. Daktari aliyetuita mwishoni alikuwa mwanamke kijana, mfupi, koti limemzidi mikono. Akasema ugonjwa unaitwa lupasi. Tukamwangalia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia neno hilo, na nadhani aliona, maana aliweka kalamu chini.

"Mmewahi kuona mwizi anapigwa sokoni?" akauliza.

"Tunatoka Tunduma," nikamjibu.

Akatabasamu kidogo. "Haya. Nani huanza?"

"Anayepiga kelele."

"Na mwilini ni hivyo hivyo. Seli ikivamiwa na kirusi inatoa protini ndogo ndogo, kazi yake kutoa taarifa. Ziko za aina nyingi. Mojawapo ni interferoni. Yenyewe haipigani na mtu. Inapiga kelele tu: mwizi, mwizi. Seli za jirani zinafunga milango, askari wanakuja. Mafua yakiisha, kelele inakoma, kila mtu anarudi kwake. Kwa dada yako haikomi. Mwizi hayupo, lakini kelele inaendelea, na waliokuja na fimbo hawataki kurudi bure. Wanampiga mwenye nyumba. Viungo, ngozi. Wakifika kwenye figo ndiyo tunaogopa."

Sekela akauliza, "Anaanza nani kupiga kelele, kama mwizi hayupo?"

Daktari akajibu, "Hilo bado hatulijui lote. Jua likiunguza ngozi, seli zinakufa, zinamwaga vitu vyake vya ndani, na mwili wako unavidhania ni kirusi. Ndiyo maana nakwambia ukimbie jua. Na watu wengine wamezaliwa hivyo, kelele iko karibu na mdomo."

"Kwa hiyo kinga yake imeshuka," nikasema mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kufundisha mtu.

"Hapana. Imepanda. Iko juu kuliko inavyotakiwa. Dawa nitakazompa zinaituliza, na asiache hata siku moja bila kuniuliza. Hata siku moja."

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu mawili. Watu wakiniambia hawakuelezwa hospitalini huwa nanyamaza, kwa sababu mimi nilielezwa, tena kwa Kiswahili kizuri, na daktari aliyekuwa na subira. Ila njiani kurudi nililigeuza lile neno nikaona haliwezekani. Kinga imepanda? Tunduma nzima sikuwahi kusikia mtu aliyekufa kwa kuzidiwa na kinga. Nilijiambia daktari bado mwanafunzi.

Lakini dawa zilifanya kazi, na hilo linaniuma mpaka leo. Ndani ya wiki mbili Sekela alifunga vifungo mwenyewe. Mashavu yalipoa. Alikula chikanda nusu mkate peke yake, akaanza kuimba akiosha vyombo, kwa sauti ya chini ili Mama Tusa asisikie, na Mama Tusa akawa anaitikia sauti ya pili kutoka chumbani kwake bila kujijua. Vidonge nilivigawa mimi. Kila Jumamosi dukani, wateja wakipungua, nilihesabu vya wiki nzima, nikavitia kwenye bahasha ndogo za karatasi, nikaandika juu asubuhi ngapi, jioni ngapi, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Sekela hakuwahi kufungua kopo mwenyewe. Alimeza nilichomwekea.

Mwezi wa tano akapata utando mweupe mdomoni, na kikohozi. Sasa nisikilizeni. Utando mweupe mdomoni ulikuwa kwenye bango langu la kufundishia, picha ya tatu kutoka kushoto. Kinga ikishuka, utando. Nilikimbilia dukani nikachukua karatasi iliyokuja na kopo la prednisoloni, dawa aliyokuwa anameza Sekela, nikaitafsiri kwa kamusi mstari kwa mstari, nikafika pale ilipoandikwa kwamba dawa hii hukandamiza kinga ya mwili. Nikafunga kamusi. Nilikuwa ninamuua dada yangu kwa bahasha, nilidhani, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Hasira yangu kwa yule daktari ilikuwa kubwa kiasi kwamba sikuona haja ya kumpigia simu. Nilivuka Nakonde mchana huohuo kwa Ba Mulenga, aliyekuwa akiuza vidonge vya kuongeza kinga kwenye chupa nyeupe, akanisalimia mulishani, nikamjibu bwino, akaniapia kwamba vimeinua watu waliokuwa wamebebwa kwa machela. Vilikuwa vyeupe, vidogo, vya mviringo, kama vya hospitali. Jumamosi ile niliandika bahasha kama kawaida, asubuhi ngapi, jioni ngapi, na ndani nikatia vya Ba Mulenga. Sekela sikumwambia. Ningemwambia angeuliza, na mimi nilikuwa nimeshachoka na maswali.

Siku za mwanzo nilijipongeza. Kisha homa ikarudi, na magoti, na uso ukaiva kuliko mwanzo. Nilifanya nini? Nikaongeza idadi. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu: nilipoona anazidiwa, niliongeza. Asubuhi moja macho yake yalikuwa yamevimba mpaka hayafunguki, na mkojo wake kwenye ndoo ulikuwa na povu, povu la sabuni kabisa. Saa nne asubuhi alianguka kambani akianika shuka. Aliyepiga kelele ni Mama Tusa, huyuhuyu, na majirani wote wakatoka, na kwa mara ya kwanza mwaka ule kelele zao zilikuwa na maana: walimbeba, wakasimamisha lori lililokuwa linatoka mpakani, Mama Tusa akamshika dereva mguu wa suruali mpaka akakubali kumlaza dada yangu nyuma ya kiti chake. Mama Tusa akavua kitenge alichojifunga, akamfunika. Njia nzima, Mpemba, Vwawa, Mlowo, sikuweza kukaa. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya lori nikiwa nimemshika kichwa.

Daktari wetu alikuwepo. Alibonyeza miguu ya Sekela, alama ya kidole ikabaki shimo. Akaangalia mkojo, akaangalia faili, akatuangalia sisi. "Dawa ziliachwa," akasema. Hakuuliza. "Nani aliyemwambia aache?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nakumbuka maua yake, mekundu na ya njano, na kifuniko kilichopasuka. Mdomo wangu ulikuwa wazi, naapa ulikuwa wazi, na nilikuwa natafuta neno la kuanzia.

"Mimi mwenyewe," akasema Sekela kutoka kitandani, macho yamefumba. "Nilichoka vidonge."

Daktari alimgombeza. Alimgombeza vibaya, mbele ya wodi nzima, mtu mwenye akili zake, mwalimu mtarajiwa, anachezea uhai, na figo hazinunuliwi sokoni. Wagonjwa wengine waligeuka kutazama. Sekela alikuwa anasema ndiyo daktari, samahani daktari. Mimi nilimimina chai. Nilimimina mpaka ikafurika kikombe, na hakuna aliyeniona, kwa sababu wote walikuwa wanamwangalia yeye.

Alikaa wodini miezi miwili, akatundikiwa dawa kali zilizomng'oa nywele. Mwezi wa saba ulikuja ukapita. Nilipobandua barua ya chuo ukutani ilichanika, nikaitia kwenye Biblia yake vipande vipande. Figo zilibaki, lakini zikiwa na makovu, na daktari alimwambia kuzaa itakuwa kwa bahati. Alipopata nguvu alikwenda kwa shangazi yake, kijijini Kamsamba, akaanza kuuza mpunga akiwa chini ya mwavuli, akaolewa huko, akazaa mara moja. Mimi nilirudisha fulana na beji. Nikasomea dawa kweli, miaka, mpaka nikaelewa kila alichosema yule daktari, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyokata simu za Sekela mapema zaidi. Maana interferoni inaweza kusamehewa, haina akili, inapiga kelele kwa sababu imedhani. Mimi nilikuwa na akili, na kamusi.

Sasa Sekela alikuwa jikoni kwangu, anachambua miiba ya samaki wakavu wa Rukwa, na mchele wake wa Kamsamba ulikuwa unaiva unanukia nyumba nzima. Atu alikuwa sebuleni, amefunga mapazia. Sekela alitoa mfuko wa dawa kwenye mkoba akauweka mezani katikati yetu.

"Atakaa kwako," akasema. "Kamsamba jua ni kali na Mbeya ni mbali. Shule nimeshamtafutia hapa."

"Dada, mtafute mwingine."

"Kwa nini?"

Nikainuka, nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Kisha nikasema, nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu usoni nisingeweza. "Zile dawa. Mwaka ule. Hukuchoka vidonge. Mimi ndiye niliyebadilisha."

Kisu chake hakikusimama. "Najua."

"Unajua nini?"

"Prednisoloni ni chungu, Ene. Ikichelewa kwenye ulimi, uchungu unashuka mpaka shingoni. Zako zilikuwa tamu. Nilijua Jumapili ileile."

Nikageuka. "Na ukameza?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unafanya kazi duka la dawa," akasema. "Nilidhani kuna kitu umekijua."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba mzigo wa mtu niliyemdanganya. Huo nilikuwa nimeuzoea. Huu mwingine, wa mtu aliyeonja, akajua, akanyamaza, akaniamini, ulinikalisha chini kwenye sakafu ya jiko langu, mimi nisiyekaa. Nililia. Sekela aliniacha nilie, akageuza wali usiungue.

"Na kwa daktari?" nikauliza baadaye. "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshapigwa. Tukipigwa wawili, nani angenipikia uji?"

"Na leo unaniletea mtoto wako. Mimi, kati ya watu wote."

Alinawa mikono, akaifuta kwa kanga, taratibu, vidole ambavyo havijanyooka tangu mwaka ule. "Nimpeleke kwa nani? Wenzako wote watamwona amevimba uso, watasema kinga imeshuka, watamtafutia cha kuongeza. Wewe peke yako ndiye ninayejua hutarudia." Kisha akasema, "Pakua, mtoto ana njaa."

Ameondoka Jumatatu, na mwavuli wake. Atu anaamka saa kumi na mbili, anakuja mezani na sare ya mikono mirefu, na mimi nimeshaandaa bahasha, asubuhi ngapi, jioni ngapi. Kabla sijampa, nachovya kidole kwenye unga unaobaki chini ya kopo, naweka ulimini. Siku ya kwanza alicheka, akauliza, "Mama mdogo, mbona unakula dawa zangu?" Nikamwambia naonja tu. Nasubiri, uchungu unakuja, unashuka mpaka shingoni kama alivyosema mama yake, na nikishausikia huko shingoni ndipo ninapofungua mkono.